Waliosema Wamefunga

Zile karanga nilizila mimi.

Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya nusu ya umri wangu: mbele ya mama yangu, mbele ya kaka yangu, na mara moja harusini, nilipoulizwa kwa utani tu, nikalikana kwa kiapo ambacho hakuna aliyekiomba. Ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nimerudi nyumbani Handeni likizo ya chuo kikuu, mzima wa afya, na hata ule udhuru wa wanawake sikuwa nao kwa kuwa nilikuwa nimeshautumia wiki iliyotangulia. Mchana mmoja njaa ikanishika. Nikaingia stoo, nikajibanza nyuma ya magunia ya mahindi, nikawa nabangua karanga na kutafuna polepole kama panya anayejua kwamba paka yuko macho. Maganda nikayasukuma kwa mguu chini ya gunia. Nilikuwa nasoma chuo kikuu, lakini sikuwa nimefikia somo la kwamba magunia huhamishwa.

Stoo ile ilikuwa ya wake wawili wa baba. Mama yangu ndiye mkubwa. Mke mwenziwe, tunayemwita mama mdogo, alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa uwanja huohuo, na kila mmoja wao alikuwa na ufunguo wa stoo. Maganda yalipoonekana, mama aliniuliza mimi kwanza, kwa haki kabisa.

"Umefunga?"

"Nimefunga, mama."

Basi, kwa hesabu za mama, akabaki mmoja. Tangu siku ile mama mdogo akawa "mla mchana". Baba ametangulia mbele ya haki, stoo imeangushwa na mvua, sisi watoto wa nyumba zote mbili tumeota mvi, na jina lile bado linatumika. Hata kuku wa mama mdogo akivuka uwanja kudonoa mtama, mama husema, "Naye kama mwenyewe, hana Ramadhani."

Nia yangu ilikuwa kwenda na siri hii kaburini. Iliyonizuia ni makala ya utafiti wa tiba, kitu ambacho sikuwahi kufikiri kingeweza kuwa na habari na karanga.

Mama ana kisukari. Kwa miaka alikuwa mtu wa vidonge, na alifunga navyo huku akibishana na manesi. Kisha vidonge vikazidiwa, akaanzishiwa sindano za insulini, na daktari wake akamwambia waziwazi kwamba Ramadhani inayokuja asifunge: sukari inaweza kushuka mchana, akaanguka, asiamke. Dini imemruhusu mgonjwa, alisema daktari, atoe fidia, alishe masikini. Mama alimsikiliza kwa adabu. Alipotoka nje ya mlango akasema, "Mimi nimeanza kufunga kabla bibi yake huyo hajaolewa."

Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Mazinde na moyo mwepesi kwa mama. Hawezi kumwona amenuna. Akatafuta, au alitafutiwa na mteja, makala ya Kiingereza kutoka jarida fulani la tiba, akaitupa kwenye kundi la wasapu la ukoo na maneno haya: "Msomi, tusomee. Mama anasubiri jibu lako."

Katika ukoo wetu msomi ni mimi. Cheo hiki hakina mshahara wala likizo. Nimewahi kuletewa nisome maelekezo ya pampu ya maji, hukumu ya kesi ya mpaka, na picha ya eksirei ambayo niliishika juu chini, nikatangaza kwamba naona mfupa. Nilichosomea ni fasihi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Nikaifungua makala nikiwa jikoni kwangu Korogwe, nasubiri maharage. Nikasoma muhtasari. Nikaruka katikati, kwenye majedwali na herufi ndogo, nikatua kwenye hitimisho. Kiingereza chake nilikielewa chote, na hapo ndipo nilipopotea, maana nilidhani kuelewa sentensi ni sawa na kuelewa utafiti. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba wengi wa wagonjwa waliofunga walimaliza mwezi bila madhara makubwa. Maharage hayajaiva, mimi nimeshatuma ujumbe wa sauti.

"Shikamoo mama. Utafiti nimeusoma. Wanasema wenye kisukari wanaweza kufunga wasidhurike. Wewe funga mama, ila uwe unapima sukari."

Mama akajibu kwa dua ndefu. Kaka akatuma mikono inayopiga makofi. Nilikula maharage yale kwa raha sana.

Sasa, iko hospitali moja hapa Korogwe, sitaitaja kwa kuwa imenitendea wema na chai, ambako baadhi ya watumishi hukutana Alhamisi mchana kusoma tafiti pamoja. Nilialikwa nisahihishe Kiswahili cha vipeperushi vyao, na kilichonibakiza ni kiti. Chumba chenyewe ni chembamba, meza ni kubwa kuliko chumba, na mimi kama mgeni wa heshima niliwekwa kiti cha ndani kabisa, kati ya kabati na ukuta. Ili nitoke ni lazima watu wote wanyanyuke. Kwa hiyo nilikaa, Alhamisi baada ya Alhamisi, nikitikisa kichwa pale wengine walipotikisa.

Anayeongoza kikundi hicho ni daktari wa kike ambaye zamani nilimfundisha fasihi sekondari. Mpaka leo ananiamkia mbele ya wakubwa wake na kuniita mwalimu, na heshima ya namna hiyo huifanya aibu iwe nene zaidi siku inapofika.

Ilifika Alhamisi iliyofuata. Niliileta ile makala kwa fahari, kama mtu anayeingiza mbuzi kwenye shughuli. Nikawaambia kwamba nimeshaisoma, na hata nimeshaitumia.

"Umeitumia wapi, mwalimu?" daktari akauliza.

"Nyumbani. Mama yangu ana kisukari, nikamwambia wenye kisukari wanaweza kufunga wasidhurike."

"Anatumia dawa gani?"

"Sindano."

Akaacha kukoroga chai yake. Akaisogeza makala mbele yangu na kuweka kidole kwenye sehemu ya mbinu, ile yenye herufi ndogo niliyoiruka. "Tusomee hapa, mwalimu. Walioingizwa kwenye utafiti ni akina nani?"

Nikasoma. Watu wazima wenye kisukari, wanaotaka kufunga.

"Endelea. Na walioachwa nje?"

Ilikuwa sentensi moja, katikati ya aya, kama mlango wa nyuma ambao wageni hawaonyeshwi. Wanaotumia insulini hawakuhusishwa. Wazee sana hawakuhusishwa. Niliisoma mara ya pili kwa sauti ndogo, nikitumaini Kiingereza kitabadilika.

"Kwa hiyo mama hayumo humu," akasema mfamasia, kijana mcheshi ambaye hukaa karibu na mlango, mahali ninapopaonea wivu.

"Hayumo."

"Ila matokeo yake kashapelekewa."

Wakacheka, kwa upole, kama watu wanavyomcheka mgonjwa wanayemtarajia apone. Daktari alijitahidi asicheke. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyetupiga marufuku kuanza riwaya kwa ukurasa wa mwisho. Ulisema ni wizi."

"Nilisema ni uvivu."

"Ulisema vyote viwili."

Nilitaka kutoka. Nikaangalia kabati, nikaangalia ukuta.

Kwa kuwa hapakuwa na namna ya kunitoa, wakaamua kunifundisha. Tuliisoma makala ile yote, tukianzia katikati, na nikaona ni kama kuingia nyumba ya mtu kwa kupitia jikoni. Muhtasari ulikuwa sebule: vitambaa vimetandikwa, picha imenyooshwa ukutani. Jikoni ndiko kulikokuwa na masufuria. Kumbe wale walioanza utafiti walikuwa wengi kuliko waliohesabiwa mwishoni. Walioondoka hawakufuatiliwa. "Aliyeanguka siku za mwanzo," daktari akaniuliza, "mwisho wa mwezi atakuja kujibu maswali?" Hilo nililielewa haraka kuliko alivyotegemea. Mwalimu mkuu yeyote anayetaka wastani mzuri anajua kwamba wanaopaswa kuhesabiwa ni wale tu waliofika kwenye mtihani.

Kisha yale maneno "madhara makubwa", ambayo nilikuwa nimeyapitisha kwa mama bila kuyafungua. Kwa waandishi wa makala, madhara makubwa yalikuwa kulazwa hospitali. Bibi aliyeanguka chooni, akainuliwa na wajukuu, akapanguswa uso na kupewa maji ya sukari, huyo hakudhurika. Nyumbani kwetu watu wote huanguka kwa namna hiyo. Hospitali ni mbali.

"Na ulisema wasidhurike," daktari akaongeza. "Wao wameandika hawakuona. Ukimtafuta mbuzi kwa kuchungulia zizi moja, mwalimu, usitangaze kwamba kijijini hakuna mbuzi."

Nilidhani tumemaliza. Lakini mfamasia akapekua ukurasa mmoja nyuma, akauliza, "Hivi walijuaje kwamba hawa watu kweli walifunga?"

Tukatafuta. Waliulizwa. Mwisho wa mwezi, kliniki, mbele ya ndugu waliowasindikiza, kila mmoja aliulizwa kama alifunga, naye akajibu.

"Hapo sioni tatizo," akasema mwingine mezani. "Saumu ni ya mtu na Mola wake. Nani ataidanganya?"

Mimi nikawa natazama chai yangu. Katika chumba kile chenye watu waliosomea miili ya binadamu, ushahidi wa moja kwa moja nilikuwa nao peke yangu.

"Watu hudanganya," nikasema.

"Una uhakika, mwalimu?" daktari akauliza.

"Ninao mfano mmoja."

"Mmoja hautoshi."

"Ninaujua vizuri."

Hakuna aliyeuliza zaidi, lakini mimi nilikwenda na mfano huo nyumbani. Nikaona wazi jinsi mambo yalivyoweza kwenda. Mgonjwa anafunga. Saa za mchana kichwa kinazunguka, anaingia ndani, anakula kipande cha muhogo wa jana, anapona. Mwisho wa mwezi anaulizwa mbele ya mume au mkwe: ulifunga? Nilifunga. Anaandikwa miongoni mwa waliofunga na wasipatwe na kitu. Kilichomwokoa ni muhogo, sifa inapewa saumu, na sifa hiyo inasafiri kwa Kiingereza mpaka kwenye simu ya kaka yangu.

Jioni ileile nikatuma ujumbe wa pili wa sauti kwenye kundi: nilikosea, mama asifunge, utafiti haumhusu. Kaka akaandika, "Mbona unatuchanganya?" Mama akasema mtandao ulikuwa mbaya, hakusikia vizuri. Nikarudia. Mtandao ukawa mbaya zaidi.

Ramadhani ilipokaribia nikapanda basi kwenda Handeni. Nilipofika uwanjani nikakuta nimeshatangulia: sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye simu ya mama, "Wewe funga mama," na jirani aliyekuja kuomba moto alikuwa akiisikiliza kichwa kimeinama kama anasikiliza mawaidha. Mama alikuwa ameichezesha kwa wanawake wa msikitini, kwa nesi wa zahanati, na kwa dereva wa bodaboda aliyemrudisha kutoka zahanati. Ujumbe wa pili hakuwa nao. Niliisikiliza sauti ile nikiwa nimesimama juani na begi mkononi. Ilikuwa ya mtu mwenye uhakika sana. Ningekuwa mimi ndiye mgonjwa, ningeitii.

Kaka naye alikuwa amekuja kutoka Mazinde, ameleta tende na mchele wa kufuturia, amekaa kwenye mkeka barazani na kikombe cha kahawa. Upande wa pili wa uwanja mama mdogo alikuwa anapeta mbaazi, ametupa mgongo, kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunipikia daku?"

"Nimekuja kukuomba usifunge."

Kaka akaweka kikombe chini. "Msomi, kinyonga yuko nje, anaomba umfundishe."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kuhusu nani aliingizwa na nani aliachwa nje, kuhusu sindano na vidonge. Mama alinisikiliza kwa ile adabu aliyomsikilizia daktari.

"Kwani sindano na vidonge si dawa?" akasema. "Kimoja kinapitia mdomoni, kingine kinapitia pajani, vinakutana ndani."

"Havikutani hivyo, mama."

"Hao watu walifunga, hawakufunga?"

"Walisema wamefunga."

"Basi walifunga."

"Walisema, mama. Waliulizwa tu."

"Na mtu akiulizwa saumu yake atadanganya? Mtu gani huyo?" Akainua kidevu kuelekea upande wa pili wa uwanja, na hakupunguza sauti. "Labda yule. Labda mla mchana. Na wewe unataka niwe kama yeye? Nikae hapa nitafune mchana kweupe, ananitazama? Miaka yote hii nimemwita nilivyomwita, leo nimpe meno acheke?"

"Tutakuwekea chakula ndani mama," kaka akasema. "Ufunge mlango tu."

"Nile kwa kujificha? Kama mwizi? Bora nife nimefunga."

Mgongo wa mama mdogo haukutikisika, ila ungo ulikuwa umesimama.

Hapo ndipo nilipousoma utafiti wangu mwenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza. Daktari, insulini, jarida la Kiingereza, vyote hivyo mama angevimeza. Kilichomzuia kula ni jina alilompa mwenzake. Alikuwa amekaa ndani ya jina hilo miaka yote akidhani amemfungia mtu mwingine, na aliyelijenga nilikuwa mimi, kwa maganda ya karanga, kisha nikasoma mpaka nikapata shahada.

Nilitafuta pa kutokea. Nilifikiria kumwita shehe. Nilifikiria kumpigia daktari wangu aongee na mama kwa sauti ya kitaalamu. Nilifikiria, aibu kusema, kwamba labda mama angefunga na kisitokee kitu, maana kuna watu wengi ambao hakiwatokei kitu. Hilo la mwisho lilikuwa hitimisho la makala, neno kwa neno.

"Mama, mimi niliidanganya."

"Uliidanganya nini?"

"Saumu. Zile karanga za stoo nilizila mimi. Uliponiuliza nikasema nimefunga."

Kaka akasema, "Astaghfirullah," kisha akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Msomi! Ukamwachia mama mdogo mzigo wote huo!"

Mama hakucheka. Alinitazama kama anatafuta mahali ambapo karanga zile zilipita. Akachukua simu yake, akaizima, akaitia kifuani chini ya kanga. Kisha akaniambia kwa Kizigua, lugha anayoitumia nami pale uvumilivu wa Kiswahili unapomwishia, "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Uwanja ule nimeuchezea utoto wangu wote na sikuwahi kujua kwamba ni mpana. Mama mdogo aliponiona nakuja akaanza kupeta upya.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Mmegombana?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia kwamba zile karanga, zile ambazo maganda yake yalionekana stoo, nilizila mimi."

Alipuliza makapi, akaokota kijiwe, akakitupa.

"Mimi kwamba sikuzila nilikuwa nalijua," akasema. "Hilo sikuhitaji kuja kuambiwa."

"Nisamehe."

"Unajua zilikuwa za nani?"

"Hapana."

"Zilikuwa mbegu zangu. Mwaka ule nilibakiza kipande cha shamba bila kupanda. Mla mchana, halafu tena mvivu wa kulima. Vyote vyangu."

Chuo kikuu hawafundishi la kusema hapo.

"Mama yako kasemaje?"

"Hajasema kitu, kanituma kwako tu."

"Atasema. Leo hawezi." Akautikisa ungo. "Na hiyo kelele ya kufunga?"

Nikamwambia: sindano, sukari kushuka, daktari amekataza, mama hataki. Sikumwambia sababu, lakini alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwenye sababu hiyo na masikio yake ni mazima.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemzuia kula," akasema. "Hata saumu yake nimebebeshwa mimi." Akanigeuzia mgongo, na nikajua kwamba nimeruhusiwa kuondoka.

Mwezi ukaandama nikiwa nimesharudi Korogwe, na rundo la mitihani ya majaribio ya kusahihisha ambalo lisingeniruhusu hata kufika stendi. Kila mchana nampigia mama.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, mwanangu."

Alijibu upesi na kwa upole, bila kuvuta pumzi. Niliijua sauti hiyo. Ilikuwa yangu, kutoka siku ya stoo. Nikamwomba anisomee kipimo cha sukari, akanisomea namba nzuri. Kesho yake akanisomea namba nzuri vilevile, nzuri mno, za mtu anayejua msomaji anapenda nini. Nikampigia kaka.

"Nimemuuliza," kaka akasema. "Kasema anakula. Sasa unataka nini tena?"

Kaka angefaa sana kuandika makala.

Nilikuwa nimefundishwa nisimwamini mtu anayejibu kile ambacho muulizaji anatamani kusikia, na sasa muulizaji nikawa mimi. Usiku sikulala vizuri, mchana nilisahihisha insha nikimwona mama kwenye kila ukurasa amelala sakafuni na mlango umefungwa kwa ndani. Ningeweza kumwamini nipumzike, kama zamani. Lakini kusoma hakurudishwi dukani. Nilihitaji shahidi mmoja tu, mtu asiye na haja ya kunifurahisha mimi wala kumsitiri mama. Nilimjua. Namba yake ninayo. Uso wa kumpigia ndio sikuwa nao.

Alhamisi tulikuwa tunasoma utafiti mwingine, habari za vidonda vya miguu, mimi nikiwa kwenye kiti changu kati ya kabati na ukuta. Simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa ni mama mdogo. Maishani mwake hajawahi kunipigia ila kwa msiba.

Nilinyanyuka, nikajigonga kabatini, nikaketi. Safu nzima ya watu ilikuwa kati yangu na mlango. Daktari aliona uso wangu akaacha kusoma. Nikapokea palepale.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Hebu niambie, huyu mama yako mmemtuma nyinyi?"

"Amefanya nini?"

"Kaja na kigoda chake. Kakaa barazani kwangu, mchana kweupe, watu wanatoka kuswali adhuhuri wanampita hivi, anakunywa uji. Jana kaja, leo kaja. Mimi na saumu yangu ndiye ninayemkorogea, halafu anatoa kasoro."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama, kali, ya mtu mwenye kitu tumboni. "Mwambie hauna hata sukari!"

"Sukari nimemnyima, si ndivyo alivyosema daktari? Na hilo si kitu. Kila anayepita anamwita. Anamwambia, 'Mla mchana ni mimi, huyu hakula.' Kwa sauti, kama anaadhini. Shehe mwenyewe kapita kaambiwa. Mimi naona haya, mwanangu. Njoo umchukue."

Mezani wote walikuwa wananitazama, na mfamasia alikuwa ameshanyanyuka ili nipite. Nikamwashiria akae.

"Mama mdogo," nikauliza, "bakuli kalimaliza?"

"Kalimaliza," akasema kwa uchungu. "Anataka jingine."